Siri za Kutunza na Siri za Kuvunja

Katika shule nyingi za msingi za Kanisa Katoliki nilizozifahamu, Tanzania na kwa majirani zetu Kenya, kompyuta na usalama wa mtandaoni hufundishwa na watu wawili wasiokutana. Kipindi cha TEHAMA ni cha mwalimu kijana aliyesomea fani hiyo: sehemu za kompyuta, kuwasha na kuzima, kuandika barua kwenye Word, mtihani. Usalama ni wa mwalimu mkuu, mara nyingi sista, na huja siku ya kufunga shule, watoto wakiwa mstarini: msiguse simu za wakubwa, msiangalie mambo mabaya, mkumbuke kusali. Kila mmoja anafanya kazi yake kwa moyo. Lakini mtoto anarudi nyumbani akijua kipanya ni nini na akijua kwamba mtandao una mabaya, bila kujua mabaya hayo yanamfikiaje.

Nimeamini kwa miaka mingi kwamba usalama haufundishiki pembeni ya kompyuta. Mtoto asiyeelewa ujumbe unavyosafiri, picha inavyonakiliwa na programu inavyorudia kazi ile ile bila kuchoka, hana cha kushikilia isipokuwa woga, na woga humwisha siku ya tatu ya likizo. Kwa shule ya Kikatoliki kuna jambo la ziada pia, nalo ndilo lililonifanya niandike: tusipolisema waziwazi, mafundisho yetu ya dini yenyewe yanaweza kumfunga mtoto mdomo.

Wenzetu wa England walipobadilisha mtaala wao wa kompyuta, ukaanza kutumika Septemba 2014, waliwawekea watoto wa miaka mitano hadi saba mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja: algoriti ni nini, namna ya kuunda na kurekebisha programu ndogo, kutunza taarifa binafsi, na mahali pa kwenda kuomba msaada ukiona jambo linalokusumbua. Kenya, kwa mtaala wa umilisi uliosambazwa nchi nzima kuanzia 2019, ujuzi wa kidijitali umo katika umilisi saba wa msingi, kwa hiyo si mali ya mwalimu mmoja wala chumba kimoja. Ninavutiwa na mpango huo. Haudai maabara kubwa, unadai mwalimu anayeona uhusiano.

Nitoe mfano wa somo ninalolipenda kuliko yote, la darasa la tano. Hakuna mtoto wa Tanzania wa umri huo asiyewahi kuona kwenye simu ya mzazi ule ujumbe wa matapeli: ile hela tuma kwenye namba hii. Mwalimu auandike ubaoni kama ulivyo, na jina la uongo litakalotokea, kisha aulize swali moja. Huyu mtu amejuaje kwamba mama yako alikuwa na mtu wa kumtumia hela? Watoto watajibu mengi. Amechungulia simu. Ana ndugu yake kwenye kampuni ya simu. Wapo watakaosema ni uchawi, na wasichekwe, maana watu wazima wengi nao wanawaza hivyo hivyo.

Sasa mwalimu agawe vikaratasi. Darasa likiwa na watoto 41, vikaratasi 38 viwe vitupu, na viwili viandikwe: nasubiri namba ya fundi nimtumie hela. Mtoto mmoja awe tapeli, apewe maagizo manne tu: chukua namba, tuma ujumbe, ongeza moja, rudia. Anapita dawati kwa dawati akisoma maneno yale yale. Wenye karatasi tupu wanabaki wameketi. Wawili wanasimama kwenda kutuma hela. Hapo darasa zima linaona bila kuhubiriwa kwamba tapeli hakumjua mtu yeyote. Anafanya kama mvuvi anayetupa jarife usiku, asiyehitaji kujua jina la samaki. Fanya hesabu ubaoni: akituma jumbe 10,000, na kati ya kila watu 40 wakawepo wawili, ni wangapi watasimama? Ni 500. Kwa kweli wanaonasa ni wachache mno kuliko hao, na bado biashara inamlipa, kwa sababu kutuma ujumbe mmoja zaidi kunamgharimu karibu na bure.

Katika dakika 40 watoto wamejifunza kitanzi, sharti na kuongeza namba kwa hatua, ambayo ni misingi ya programu yoyote, na hawajagusa umeme. Shule yenye kompyuta chache inaweza kuliendeleza somo hilo kwenye Scratch, programu ya kujifunzia iliyotoka MIT na kuzinduliwa kwa umma 2007. Ina Kiswahili na inafanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye mashine. Mtoto aunde mhusika anayetuma ujumbe mara 100. Ataona kwa macho yake kwamba maneno matamu yanaweza kutoka kwa kitu kisichomjua wala kumpenda.

Kutoka hapo safari ni fupi. Anayemwandikia binti wa miaka 11 kwamba ameona picha yake na amependeza sana, amewaandikia na wengine maneno hayo hayo. Anayejitokeza ndani ya gemu kama Free Fire na kuahidi almasi za bure anatumia mtego ule ule wenye chambo kingine. Watoto waliofanya zoezi la vikaratasi hulielewa jambo hili haraka, na husaidiana kulifuatilia: kwanza sifa, kisha zawadi, kisha ombi la kuhamia sehemu nyingine ya kuzungumzia, kisha ombi la siri, kisha picha, na mwisho vitisho. Mwalimu asiishie kuwatajia hatua hizo. Awasimamishe kwenye ile ya siri na wakae hapo, kwa sababu ni hapo mtoto bado ana nguvu zote mikononi.

Na ni hapo kompyuta na usalama vinapokuwa somo moja. Wiki iliyopita mwalimu yule yule alifundisha nywila: iwe ndefu, iwe yako, usimpe rafiki, usiibandike ukutani. PIN ya mama ya kutolea hela ni siri, hata kama unaifahamu. Mtoto amezoezwa kutunza siri. Wiki hii lazima aambiwe kwamba kuna siri za kuvunja, na kuzivunja siku hiyo hiyo: siri yoyote ambayo mkubwa, au mtu anayejifanya mtoto, anamwomba asiwaambie wazazi. Mtoto asiyefundishwa kutofautisha hizi mbili atazitunza zote kwa uaminifu ule ule.

Tuache pia kuwaambia watoto kwamba hatari ni ya watu wasiowajua peke yao. Utafiti mkubwa uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, uliogusa Kenya na Tanzania na kuchapishwa kwa jina la Disrupting Harm, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto kwa kutumia mtandao ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu, na kwamba watoto wengi hawatoi taarifa polisi wala kwenye namba za msaada. Kumfahamu maana yake ni mjomba, jirani, mwalimu wa tuisheni, dereva wa basi la shule. Inaweza kuwa mtu wa parokiani. Shule ya Kikatoliki isiyoweza kulisema neno hilo la mwisho mbele ya watoto wake bado haijaanza kufundisha usalama.

Nije sasa kwenye jambo lenyewe. Mtoto wa darasa la tatu au la nne anaandaliwa kwa Kitubio na Komunyo ya Kwanza. Anafundishwa amri za Mungu, anafundishwa kuichunguza dhamiri, anafundishwa kwamba mambo ya mwili yanataka usafi wa moyo. Miaka miwili baadaye mtu anamrubuni atume picha. Mtoto huyo ataliitaje lililomtokea? Kwa lugha tuliyompa, ataliita dhambi yake. Na mtoto aliyelelewa vizuri katika imani atafanya na dhambi yake kile tulichomfundisha kufanya nayo: atakwenda kuiungama.

Padre atakayemsikia amefungwa. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote, na ile ya 984 inamzuia hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna itakayomwumiza mwungamaji. Hawezi kumpigia simu mama wa mtoto. Hawezi kumdokeza mwalimu mkuu. Mimi ni Mkatoliki na sitaki muhuri huo wa siri ulegezwe, lakini nataka tuone yanayofuata. Mtoto anatoka kitubioni amepata nafuu, akiamini ameshamwambia mtu mzima, na kwa kweli ameshamwambia. Jioni ile ile simu inaita tena, na mwenye picha anadai nyingine.

Padre mwenye busara atafanya analoweza. Atamwambia mtoto kwamba aliyekosa ni yule aliyemrubuni, atamsihi amweleze mama au mwalimu anayemwamini, atajitolea kumsikiliza upya nje ya kitubio, mahali anapoweza kuchukua hatua. Mapadre wengi wanafahamu hili. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka 10, akiwa na hofu na foleni ikiwa nyuma yake, halishiki agizo gumu kama hilo kwa kuambiwa mara moja kwa kunong'onezwa. Anahitaji kuwa amelisikia mapema, darasani, mchana, mbele ya wenzake, mara nyingi kiasi cha kulichoka.

Kwa hiyo napendekeza kipindi kimoja cha pamoja, katekista na mwalimu wa TEHAMA wakiwa mbele ya darasa moja, kabla ya Kitubio cha Kwanza, na kirudiwe kila mwaka hadi darasa la mwisho. Katekista aseme kwa maneno mepesi: kitubioni unapeleka makosa uliyoyafanya wewe, kwa kupenda na kwa kujua. Alichokufanyia mtu mwingine, au alichokudanganya ukifanye, hicho unampelekea mtu anayeweza kukuokoa, nje ya kitubio. Ukitaka kumwambia Padre, mwambie ofisini au uwanjani, mlango ukiwa wazi. Mwalimu wa TEHAMA aendelee: usifute jumbe zile, hata kama unaziona haya, kwa sababu ndizo zitakazomkamatisha. Mlete mtu, onyesha simu. Watoto waruhusiwe kuuliza chochote, na maswali mengine yatatisha. Yajibiwe.

Kuna fundisho jingine la kunyooshwa hapo hapo, nalo ni utii. Watoto wetu ni watiifu, na shule zetu zinajivunia hilo kwa haki. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2217, inafundisha kwamba mtoto asitii agizo ambalo dhamiri yake inamwambia ni ovu. Ni wangapi kati yetu waliosoma shule za misheni walioambiwa hivyo wakiwa wadogo? Mtoto ajizoeze kulitamka neno hapana kwa sauti, kwa adabu zote za shikamoo na marahaba, na ajue kwamba hapana yake kwa mkubwa anayemwomba picha haimvunjii mtu heshima.

Mtoto akishasema, walimu nao wawe tayari. Hapa nimeona nia njema ikiharibu kesi. Mwalimu anashtuka, anaipiga picha ile picha kwa simu yake, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili washauriane. Kwa kufanya hivyo ameisambaza picha ya utupu ya mtoto, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 haimsamehi kwa sababu ni mwalimu. Kinachotakiwa ni kidogo na kinahitaji utulivu: simu iondolewe kwenye mtandao na ihifadhiwe ilivyo, yaandikwe kwenye karatasi majina ya akaunti, namba, tarehe na saa, mtoto asihojiwe na watu watano mmoja baada ya mwingine, kisha simu na karatasi vipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa Tanzania na inapigwa Kenya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka, kwa hiyo kulimaliza kifamilia, au kiparokia, hakumo katika mambo tuliyoachiwa kuchagua. Na kama anayetuhumiwa ni mwanaklero au mtawa, masista na mapadre walio shuleni wana wajibu mwingine juu ya huo wa serikali: hati ya Papa Fransisko ya Mei 2019, Vos estis lux mundi, inawaagiza kuripoti kwa viongozi wa Kanisa wenye mamlaka.

Lakini somo ambalo watoto wanalisoma kila siku bila kitabu ni mwenendo wetu wenyewe na picha zao. Tembelea kurasa za Facebook za shule zetu. Siku ya Komunyo ya Kwanza, mtoto amevaa nguo nyeupe, uso umejaa picha nzima, jina lake limeandikwa kwenye keki, jina la shule na la parokia yapo chini. Kwaya ya Utoto Mtakatifu imerekodiwa na majina ya waimbaji yanapita chini ya video. Tunamwambia mtoto asiseme kwa watu asiowajua anasoma wapi, na sisi tumeshausemea ulimwengu mzima.

Hili si suala la adabu peke yake. Nchini Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na tangu programu za akili bandia zilipopata uwezo wa kumvua mtu nguo katika picha aliyopigwa akiwa amevaa, onyo letu la zamani kwa mtoto, usitume picha mbaya, limepungua nguvu. Picha nzuri kabisa, iliyowekwa na shule kwa furaha, inatosha kuwa malighafi ya ubaya huo.

Shule ijiwekee sheria chache na kuzishika. Uso na jina visikae pamoja. Idhini ya mzazi iwe ya maandishi, kwa matumizi yaliyotajwa, na mzazi anayekataa asifuatwefuatwe. Nami ningeongeza mtoto mwenyewe aombwe. Katika kipindi cha TEHAMA, mpe mwanafunzi kamera na umwagize kuomba ruhusa kabla ya kila picha, na waeleze wenzake kwamba wanaweza kukataa bila kutoa sababu. Wa kwanza kukataa huangaliwa na darasa zima kwa mshangao. Kufikia wa nne imekuwa kawaida, na hao ndio watoto watakaokataa na nje ya shule.

Kuhusu vichujio sina mengi. Viwekwe, wiki hii. Kwenye ruta ya shule badilisha anwani za DNS ziwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ni bure, na tovuti nyingi za ngono na za programu hasidi zitafungwa kwa mashine zote zinazotumia mtandao huo. Kisha usijidanganye kwamba umezilinda nafsi za watu, kwa sababu mtoto anayetumia bando la shangazi hapiti kwenye ruta yako.

Siku hizi picha ya Mtakatifu Carlo Acutis imeanza kuonekana kwenye kuta za maabara zetu: kijana aliyezaliwa London 1991, akakulia Milano, akafa kwa saratani ya damu Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Nafurahi kumwona hapo. Tovuti yake ya miujiza ya Ekaristi ni kazi ya mtoto aliyejifunza kompyuta ili atengeneze kitu chake, na ndiyo sababu nawaomba walimu wasimtumie kama bango la kukataza. Waulizeni watoto wangependa kuijengea parokia yao kitu gani, kisha muwafundishe namna ya kukijenga.

Linabaki suala la nyumbani, ambalo ni kubwa kuliko maabara. Machi 2023 serikali ya Tanzania ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na shule nyingi za masista zilizokuwa zikilea watoto wadogo mwaka mzima sasa zinawaaga saa kumi jioni. Ninaona ulikuwa uamuzi mzuri kwa watoto. Lakini ulihamishia jioni zao kwenye sebule yenye simu ya mama, na simu hiyo ina akaunti ya mtu mzima: WhatsApp na TikTok zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, kwa hiyo mtoto wa msingi anapita kwa jina la mzazi, na mashine inamhudumia kana kwamba ana miaka 35. Waliobaki bwenini wana tatizo la namna nyingine, kwani wanakaa miezi bila simu kabisa, kisha Desemba inawapa mwezi mzima nayo, mchana na usiku.

Ndiyo maana mkutano wa wazazi unaozungumzia ada, sare na matokeo utenge nusu saa kwa simu, watoto wakiwemo ndani. Mzazi aonyeshwe namna ya kufungua akaunti ya mtoto kwenye YouTube na kuzima video zinazojiendesha zenyewe. Aambiwe simu zote za nyumbani, na yake ikiwemo, zilale zikichaji sebuleni. Kisha kuna ahadi, na hii nataka isemwe kwa sauti, mzazi akimtazama mwanawe: ukija kuniambia jambo baya limekupata kwenye simu, sitakuchapa na sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Nimewasikia wazazi wakisita hapo, hasa akina baba, wakisema huo ni ulegevu. Lakini watoto ukiwauliza kwa nini walinyamaza, hofu ya kipigo na ya kunyang'anywa simu huwa ya kwanza kutajwa, na anayewatisha huko mtandaoni anaijua hofu hiyo na kuitegemea kuliko kitu chochote.

Mkutano huo uwe wiki mbili kabla ya kufunga shule. Siku yenyewe ya kufunga haufai, maana wazazi wanawahi basi na masanduku yameshatolewa nje, na mtoto aliyekuwa na jambo la kusema hatapata nafasi ya kumfuata mwalimu.